Dikromati ya Potasiamu: Sumu Isiyouma

Hotuba kwa walimu wa sayansi, mafundi wa maabara na wasimamizi wa usalama kazini

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, mafundi wa maabara, na ninyi mliotoka viwandani: habari za asubuhi, na asanteni kwa kunikaribisha.

Niliombwa nizungumzie sumu za metali. Mada hiyo ni bahari. Nikianza na risasi, nikaingia zebaki, nikamalizia na kadimiamu, tutakesha hapa na mtaondoka mikono mitupu. Kwa hiyo nimechukua kampaundi moja tu, nayo ni dikromati ya potasiamu, K2Cr2O7. Sidhani kama yupo humu ndani aliyesoma kemia bila kuikuta rafuni. Tena inanisaidia kusema jambo ambalo ndilo lililonileta: sumu hii haiumi. Inaweza kumtoboa mtu pua huku mwenyewe yuko kazini, anacheka na wenzake. Anayengoja maumivu yamwambie kwamba amezidisha, atakuwa amechelewa kwa miaka.

Tuanze na kitu chenyewe. Ni fuwele za rangi ya machungwa iliyokolea, inayoelekea kwenye wekundu, zinazong'aa na kupendeza machoni. Harufu haina. Msongamano wake ni gramu 2.68 kwa kila sentimita ya ujazo. Inayeyuka kwenye joto la nyuzi 398 za Selsiasi, na ukizidi kuipasha mpaka karibu na 500 huanza kuvunjika. Majini ina tabia ya kupendeza: kwenye nyuzi 20, mililita 100 za maji huyeyusha gramu 12 hivi, lakini maji hayo hayo yakichemka yanabeba takriban gramu 100. Ukitaka kuisafisha, basi, unaiyeyusha kwenye maji ya moto, unaiacha ipoe, na fuwele safi zinajitenga zenyewe. Wala haivuti unyevu wa hewani kama anavyofanya ndugu yake wa sodiamu. Ndiyo maana wachambuzi wa kemia waliikumbatia. Ukiipima kwenye mizani unajua umepima nini hasa, na mmumunyo wake ukifungwa vizuri hukaa muda mrefu bila kupungua nguvu. Nayasema haya ili tuitendee haki. Haikuingia maabara kwa uzembe wa mtu. Iliingia kwa sababu ni chombo kizuri cha kazi, na watu wengi bado wanaitetea kwa sababu hiyo hiyo.

Uzuri wake na ubaya wake vinatoka mahali pamoja, yaani kwenye kromiamu iliyomo ndani. Metali hii iligunduliwa mwaka 1797 na Mfaransa Louis-Nicolas Vauquelin, katika madini mekundu ya risasi yaliyotoka Siberia. Kromiamu hujitokeza katika hali kadhaa, zinazohesabiwa kwa idadi ya elektroni ilizopoteza, ila mbili ndizo za kutushughulisha leo: kromiamu ya tatu na kromiamu ya sita. Ya tatu aghalabu ni ya kijani, imetulia, haina haraka na mtu. Ya sita ni ya njano au ya machungwa, nayo ina njaa ya elektroni. Itazichukua popote itakapozipata: kwenye pombe, kwenye karatasi, kwenye vumbi la mbao, kwenye ngozi yako. Kila atomu ya kromiamu ya sita hunyang'anya elektroni tatu ndipo itulie na kuwa ya tatu.

Njaa hiyo iliwahi kufanya kazi barabarani. Mwaka 1954 Mmarekani Robert Borkenstein alibuni kipima pombe ambacho dereva alikipulizia pumzi. Ndani yake mlikuwa na dikromati ya potasiamu iliyotiwa asidi ya salfuriki. Pombe ikiwemo kwenye pumzi, kromiamu inaichukulia elektroni zake, rangi ya mmumunyo inabadilika, na mabadiliko hayo yanapimwa kwa mwanga. Mwalimu yeyote humu amewahi kuwaonyesha wanafunzi kitu cha namna hiyo kwenye bomba la majaribio: machungwa yanafifia, kijani kinatokea, darasa linapiga makofi. Sasa naomba mkiangalie kijani kile kwa jicho jingine. Mabadiliko yale yale yanatokea ndani ya seli ya mwili, na huko hakuna wa kupiga makofi.

Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo penye kiini cha hotuba yangu.

Dikromati ikiingia kwenye majimaji ya mwili, ambayo si ya asidi, hugeuka kuwa kromati: kromiamu moja iliyozungukwa na oksijeni nne. Umbo hilo linafanana mno na umbo la salfati, na salfati ni mgeni ambaye seli inamtambua na kumfungulia mlango kila siku. Kromati inapita kwenye mlango huo huo. Kromiamu ya tatu haina bahati hiyo. Yenyewe hutembea imejifunga molekuli za maji pande zote, umbo lake halilingani na mlango, hivyo nyingi yake inabaki nje. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya hizi mbili, na ndiyo inayofanya moja iogopwe na nyingine ivumiliwe.

Ikishaingia ndani, seli inajitetea. Vitamini C, glutathioni na molekuli nyingine zinaipa elektroni inazozitafuta. Kromiamu inashuka hatua kwa hatua, ya tano, ya nne, mpaka ya tatu, na katika kushuka huko inaacha vipande vyenye ukali vinavyojeruhi kilicho karibu. Ikifika ya tatu haiwezi tena kutoka, kwa kuwa mlango ulioiingiza hauitambui. Inang'ang'ania kilichopo, na kilichopo ni pamoja na DNA. Inajishikiza hapo, nakala zinazofuata zinatoka na makosa, na makosa mengine huja kuwa saratani baada ya miaka mingi.

Angalieni jambo la ajabu hapo. Kugeuza kromiamu ya sita kuwa ya tatu nje ya seli ni wokovu. Mate hufanya hivyo, maji ya tumboni hufanya hivyo, na kiasi kidogo kilichomezwa hupunguzwa makali njiani. Mgeuko huo huo ukifanyika ndani ya seli ndio unaoleta balaa. Kwa hiyo anayeniuliza kama vidonge vya vitamini C vitamkinga kazini, jibu langu ni hapana. Sitaki nimsikie mtu anameza kidonge asubuhi halafu anaacha glovu kwenye droo.

Kwa kuwa tumbo lina kinga yake, njia mbaya zaidi kwa mfanyakazi ni pumzi. Dikromati haitoi mvuke wowote wa maana kwenye joto la kawaida. Inasafiri kama vumbi pale unapoifungua, unapoipima au unapoisaga, na kama ukungu pale mmumunyo wake unapochemka au kutoa mapovu. Marekani iliweka mwaka 2006 kikomo cha maikrogramu 5 za kromiamu ya sita kwa kila mita ya ujazo ya hewa, wastani wa saa nane za kazi. Kabla ya hapo kikomo kilikuwa maikrogramu 52. Hebu tukipige hesabu kikomo hicho kipya, kwa sababu tarakimu peke yake haitishi mtu. Mtu anayefanya kazi huvuta takriban mita 10 za ujazo za hewa kwa zamu moja. Mara 5, tunapata maikrogramu 50 za kromiamu. Kromiamu ni kama asilimia 35 ya uzito wa dikromati ya potasiamu, kwa hiyo tunazungumzia maikrogramu 140 hivi za dikromati yenyewe. Fuwele moja ya upande wa milimita 0.4, yaani punje ya mchanga, ina uzito unaozidi huo. Punje moja, ikisagika kuwa vumbi na kuvutwa, inamaliza ruhusa ya zamu nzima na kupita. Sasa kumbukeni jinsi kopo linavyofunguliwa, jinsi kijiko kinavyogongwa kwenye ukingo, na jinsi zile punje zinazobaki mezani zinavyofutwa kwa kiganja.

Nirudi kwenye ile kauli yangu ya kwamba haiumi. Watu waliofanya kazi na kromati viwandani tangu karne ya 19 walipata vidonda vya pekee kwenye vidole, kwenye maungio ya mikono, mahali popote ngozi ilipokuwa imekwaruzika. Ni vidonda vya mviringo, vya kina, kingo zimeinuka na kuwa ngumu, katikati pana shimo, kana kwamba ngozi imetobolewa kwa chombo. Vinachukua wiki nyingi kupona na vinaacha kovu. Ajabu ni kwamba vingi haviumi, au vinauma kidogo tu, na mfanyakazi anaendelea na kazi huku kidonda kinachimba. Puani ni vibaya zaidi. Vumbi au ukungu unatua kwenye ule ukuta wa gegedu unaotenganisha tundu mbili za pua. Mwanzoni ni mafua yasiyokwisha, makoko, damu kidogo asubuhi. Kisha ukuta unaliwa mpaka unatoboka. Wapo waliogundua tundu hilo siku daktari alipowamulika kwa tochi. Wao wenyewe hawakuwa na habari.

Ngozi ina janga jingine, nalo ni mzio. Mtu anaweza kuishika dikromati miezi bila tatizo, kisha mwili wake ukaizoea vibaya. Kuanzia hapo kiasi kidogo mno kinatosha kumletea muwasho, malengelenge na ngozi kupasuka. Mzio huu ukishakaa, mara nyingi ni wa maisha. Na haubaki maabara. Saruji mbichi ina kromati kidogo inayotokana na malighafi kuokwa kwenye tanuri lenye hewa na joto kali, na waashi wengi wameharibiwa mikono na kiasi hicho kidogo. Denmark ilianza mwaka 1983 kutaka saruji iongezwe salfati ya feri, ambayo inaigeuza kromiamu ya sita kuwa ya tatu pale maji yanapotiwa. Tangu 2005 Umoja wa Ulaya nao hauruhusu saruji yenye zaidi ya miligramu 2 za kromiamu ya sita inayoyeyuka kwa kilo. Kwa maoni yangu hii ni mojawapo ya hatua safi kabisa katika historia ya usalama kazini. Hakuna aliyemwambia mwashi avae vazi la mwanaanga. Kemia ilisahihishwa kiwandani kabla mfuko haujafungwa.

Kuhusu saratani sitasema mengi, maana shaka haipo. Mwaka 1890 daktari mmoja huko Scotland aliandika habari za mfanyakazi wa rangi za kromu aliyepata saratani ya ndani ya pua, ukuta wa pua ukiwa umeshatoboka. Baadaye zikaja tafiti za wafanyakazi wa viwanda vya kromati, na saratani ya mapafu ikajitokeza tena na tena. Mwaka 1990 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kromiamu ya sita katika Kundi la 1, la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu bila ubishi. Kromiamu ya tatu na metali yenyewe viliwekwa Kundi la 3, yaani havina ushahidi wa kutosha wa kuhukumiwa. Metali ileile, hukumu mbili tofauti. Kwa hiyo mtu akikwambia tu kwamba kitu fulani kina kromiamu, hajakwambia kitu bado. Muulize ni ya ngapi.

Ninyi mliotoka kwenye karakana, suala hili linawahusu hata kama kopo la dikromati hamjawahi kuligusa. Anayechomelea chuma kisichoshika kutu anavuta moshi wenye kromiamu ya sita, kwa sababu joto la tao la umeme linaioksidisha kromiamu iliyomo chumani. Anayepaka kromu kwa umeme anasimama juu ya beseni linalotoa mapovu, na kila povu linalopasuka linarusha ukungu. Hewa ya pale inapaswa kuvutwa kutoka ukingoni mwa beseni, kabla haijapanda kufika puani. Feni ya dari haivuti kitu. Inausambaza ukungu tu, ili kila mmoja apate fungu lake.

Sasa maabara. Kuna mazoea matatu ambayo ningependa tuyazike.

Zoea la kwanza ni kuoshea vyombo vya kioo kwa mchanganyiko wa dikromati na asidi ya salfuriki iliyokolea. Wazee wetu walitufundisha hivyo, na kweli kioo kinatakata. Lakini kromiamu hung'ang'ania kioo hata baada ya kusuuzwa mara nyingi, asidi ile inaunguza vibaya, na uchafu wake ni mgumu kuutupa. Zipo sabuni za maabara zinazofanya kazi hiyo vizuri. Sina subira na hoja ya kwamba hakuna kinachotakatisha kama ile.

La pili ni ule mlima wa moto wa mezani. Unarundika dikromati ya amonia, unaiwasha kileleni, cheche zinaruka, majivu ya kijani yanafurika. Wanafunzi hawalisahau onyesho lile, nakiri. Lakini majivu hayo si oksidi ya kromiamu tupu. Yanaruka pamoja na chembe ambazo hazijaungua, na chembe hizo ni kromiamu ya sita iliyotawanywa hewani mbele ya watoto waliosogea ili waone vizuri. Tena dikromati ya amonia ikipashwa ndani ya chombo kilichozibwa inaweza kulipuka. Kama ni lazima lionyeshwe, lionyeshwe ndani ya kabati la kuvutia mafusho lililofungwa kioo chake. Vinginevyo onyesheni video.

La tatu halina sherehe: kumwaga. Kile kidogo kilichobaki kwenye bomba kinaelekezwa sinki. Kwa viumbe wa majini dikromati ni sumu kali yenye madhara ya muda mrefu. Kwa maji ya kunywa, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni maikrogramu 50 za kromiamu yote kwa lita moja. Ukipiga hesabu utaona kwamba gramu moja ya dikromati, yenye miligramu 350 hivi za kromiamu, inatosha kufikisha lita 7,000 za maji kwenye kikomo hicho.

Mabaki yanatibiwa hivi. Mmumunyo uliozimuliwa kwa maji ya kutosha unatiwa asidi mpaka pH ya 2 au 3, kisha unaongezwa metabisalfaiti ya sodiamu au salfati ya feri kidogo kidogo, ndani ya kabati la mafusho, kwa kuwa metabisalfaiti kwenye asidi hutoa gesi ya salfa dioksidi. Machungwa yakitoweka kabisa na kijani kikatawala, unapandisha pH mpaka 8 au 9, na kromiamu ya tatu inatuama chini kama tope la kijani lililofifia. Tope hilo linachujwa, linawekwa lebo, linakabidhiwa kwa wanaoshughulikia taka hatari. Haliingii kwenye pipa la kawaida.

Niongeze vitu viwili vya kutokutanishwa nayo. Asidi ya haidrokloriki iliyokolea ikikutana na dikromati hutoa gesi ya klorini. Na chumvi ya kloridi, dikromati na asidi ya salfuriki iliyokolea vikiwa pamoja vinatoa mvuke mwekundu wa kahawia wa kloridi ya kromili, ambao ni kromiamu ya sita iliyopata mbawa. Kopo lenyewe likae mbali na pombe, asetoni, karatasi, na kitu chochote kinachoungua. Yenyewe haiwaki, lakini huuchochea moto wa mwingine. Na lisiwekwe kwenye rafu ya mbao.

Vifaa vya kujikinga mnavijua: glovu za nitraili zinazobadilishwa mara zinapochafuka, miwani inayofunika pembeni, koti lisilovaliwa nje ya maabara. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi hili. Upimaji wa unga ufanyike ndani ya kabati la mafusho, na bora zaidi nunueni mmumunyo uliokwisha kutengenezwa, ili vumbi lisiwepo kabisa. Ikigusa ngozi, oga kwa maji mengi mara moja na vua nguo iliyolowa. Ikiingia jichoni, maji yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha hospitali. Ikimezwa usimtapishe mtu. Gramu chache zinaweza kumuua mtu mzima, na figo ni miongoni mwa viungo vinavyoshambuliwa. Hakuna dawa maalumu ya kuitangua inayoaminika, kwa hiyo mkimbizeni hospitali na lebo ya kopo mkononi, hata kama anasema anajisikia vizuri.

Najua swali linalokuja: tuiache kabisa? Umoja wa Ulaya tangu Septemba 2017 hauruhusu itumike bila kibali maalumu, ingawa utafiti wa kisayansi maabarani una msamaha wake. Kwa shule nasema ndiyo, iacheni. Kila kinachofundishwa kwayo kina njia nyingine. Kwa maabara zinazopima maji machafu jibu si jepesi. Kile kipimo cha oksijeni inayohitajika kikemia, kinachokadiria uchafu uliomo majini, mnachopashia bomba kwenye nyuzi 150 kwa saa mbili, kimejengwa juu ya dikromati, na viwango vya kisheria vingi vimeandikwa kwa kipimo hicho. Tumieni mabomba madogo yaliyofungwa tayari, msiyafungue baada ya kipimo, na mkumbuke kwamba humo ndani mara nyingi mna salfati ya zebaki pia.

Kuhusu yale makopo ya zamani yaliyokaa nyuma ya kabati, lebo zimefifia, kifuniko kina ukoko wa machungwa: msiukwangue ule ukoko ukiwa mkavu. Funikeni kwa kitambaa kilicholowa, wekeni kopo lote ndani ya chombo kikubwa cha plastiki chenye kifuniko, andikeni jina na tarehe, na muombe lichukuliwe. Mikono iliyoinuka naiona, mwenyekiti. Yule dada wa nyuma alianza kuinua tangu nilipotaja saruji, apewe nafasi ya kwanza.